Barua ya Korinto na Barua Yetu ya Opala

 Mliniomba niandike juu ya barua za Wakristo wa kwanza, zinaweza kutuambia nini sisi wa leo katika imani. Nilikubali haraka, sababu nilifanya historia chuoni na nilikuwa na hamu ya kujionyesha. Kisha nikakaa wiki tatu bila kuandika hata mstari. Kila nilipofungua ile barua ya Klementi kwa Wakorinto nilijiona mwenyewe ndani yake, na si kwa upande mzuri.

Acha niseme wazi mbele ya kuingia katika historia. Wengi wenu mnajua kwamba kwenye kanisa moja la kwetu Opala wazee wa komite waliondolewa. Sitalitaja jina, wenye kulijua wanalijua. Wengi hamjui nani aliandika barua iliyowaondoa. Ni mimi.

Tulikuwa vijana tisa, wote tumesoma Kisangani. Tulichanga pesa mwaka mzima kwa ajili ya mabati ya kanisa, na pesa ikatumwa. Tulipouliza, mabati hayakuwa yamefika, na majibu yalikuwa ya kuzungukazunguka. Basi jioni moja tukakutana Mangobo, nikashika kalamu. Kurasa mbili za Kifaransa cha chuo kikuu, na neno la wizi mara nne. Tukampa barua mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa anavuka kwenda Lubunga, achukue njia ya Opala. Picha yake tukaitupa kwenye Watsapu siku hiyohiyo. Jumapili iliyofuata vijana wenzetu wa kule waliisoma mbele ya watu wote, na wazee wanne wakasimama wakatoka. Mwezi haukuisha kanisa likawa mawili: moja ndani ya jengo la zamani la majani, lingine ndani ya darasa la shule ya msingi.

Sasa twende Korinto.

Korinto aliyoijua Paulo ilikuwa, kwa namna fulani, mji mpya. Warumi waliuharibu mji wa zamani mwaka 146 mbele ya Kristo, na Julius Caesar akaujenga tena mwaka 44 mbele ya Kristo, akaleta wakaaji wengine, wengi wao watumwa walioachwa huru. Ulikuwa na bandari mbili, moja kila upande wa kipande chembamba cha nchi, na biashara iliingia kutoka pande zote. Ni mji wa watu waliotoka huku na huku, ambapo kila mtu anatafuta jina. Aliyekaa Kisangani, mji wa mto na masoko na makabila mengi, haitaji nimweleze zaidi.

Paulo alifika huko karibu na mwaka 50. Hapa sisi wa historia tuna bahati. Kule Delphi, Ugiriki, yalipatikana mawe yenye maandishi yanayomtaja gavana Gallio, yuleyule tunayemsoma katika Matendo ya Mitume, na kwa hayo tunajua alikuwa gavana karibu na mwaka 51. Tarehe nyingi za maisha ya Paulo zimefungwa kwenye mawe hayo kama mtumbwi kwenye mti. Ukiyaondoa, tarehe zinaenda na maji.

Miaka michache baadaye Paulo yuko Efeso, na habari mbaya zinamfikia: kanisa aliloliacha limegawanyika. Kundi moja linajivunia Paulo, lingine Apolo, lingine Kefa. Wengine wanapelekana mahakamani. Wenye nacho wanakula mbele ya wenzao kwenye meza ya Bwana, maskini wanabaki na njaa. Anawaandikia. Tunayo barua hiyo, tunaipenda, tunaisoma kwenye arusi sababu ya sura ya 13, na tunasahau kwamba maneno yale matamu juu ya upendo yaliandikwa kwa watu waliokuwa wanakulana.

Sasa rukeni miaka 40. Paulo ameshakufa. Karibu na mwaka 96, mwishoni mwa utawala wa Domitian au nyuma yake kidogo, kanisa la Roma linaandikia kanisa la Korinto. Ndani ya barua jina la mwandishi halimo kabisa. Inasema tu ni kanisa la Mungu linalokaa Roma kama mgeni, kwa kanisa la Mungu linalokaa Korinto kama mgeni. Ni mapokeo ya zamani yanayotuambia kwamba aliyeshika kalamu aliitwa Klementi. Ni barua ndefu, leo tunaigawa katika sura 65. Na sababu yake, ndugu zangu, ni hii: huko Korinto watu wachache, wenye haraka na wenye kujiona, waliwaondoa wazee wa kanisa. Klementi anasema vijana waliwainukia wazee.

Niliposoma hapo mara ya kwanza, kwenye tafsiri ya Kifaransa niliyoazima, nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji.

Roma haianzi na ukali. Inaanza na kuomba radhi kwamba imechelewa kuandika, sababu yenyewe pia ilipatwa na shida moja baada ya nyingine. Kisha inawasifu Wakorinto kwa namna walivyokuwa zamani: ukarimu wao kwa wageni, utulivu wao, namna walivyolia kwa makosa ya jirani kama ni yao. Nyuma ya hapo ndiyo inaingia katika ugonjwa wenyewe, na ugonjwa huo inauita wivu. Mifano inashuka kama mvua: Kaini na Abeli, Yakobo na Esau, Yosefu na ndugu zake, mpaka Petro na Paulo, ambao Klementi anawataja kama watu wa kizazi chake. Anasema wivu na ugomvi vimeangusha miji mikubwa na kung'oa mataifa. Sisi wa Tshopo hatuhitaji mwalimu wa kutoka Roma kwa jambo hilo. Mwaka 2023 tuliona ubishi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ukichoma nyumba, watu wakikimbia mpaka mjini Kisangani na watoto mgongoni, na pande zote mbili kulikuwa na watu wanaojua kuimba nyimbo zilezile za kanisa.

Kuna sehemu za barua hii zinazochosha, nisiwadanganye. Klementi anapenda mifano kupita kiasi. Mahali fulani, akitaka kuonyesha kwamba wafu watafufuka, analeta hadithi ya ndege wa Arabuni anayeishi miaka 500, anakufa ndani ya kiota cha manukato, na kutoka katika mwili wake anatokea ndege mwingine. Anaisimulia kama jambo linalojulikana na kila mtu. Profesa wetu mmoja aliipenda sana sehemu hiyo, sababu ilimsaidia kutuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mtakatifu na bado akaamini habari za ndege ambaye hakuna aliyemwona.

Lakini turudi kwenye kiini. Katika sura ya 44 Klementi anasema hao wazee waliwekwa na mitume au na watu wengine wa heshima waliowafuata, kwa kukubaliwa na kanisa lote, na kwamba walitumikia muda mrefu bila lawama. Kwa hiyo kuwaondoa ni dhambi isiyo ndogo. Halafu sura ya 54 anawageukia waliosababisha fujo. Hawatukani. Anawauliza kama kuna mmoja kati yao mwenye moyo mkubwa, ambaye atasema: kama fujo hii ni juu yangu, mimi natoka, naenda mahali mtakapotaka, ilimradi kundi la Kristo likae kwa amani pamoja na wazee wake. Anaahidi kwamba mtu wa namna hiyo atapokelewa kila mahali.

Wachungaji wengi wanaipenda barua hii kwa sababu rahisi: inawapa fimbo ya kuwapigia vijana. Nilishasikia ikitajwa hivyo, na hapo nakataa. Mwanahistoria akipokea barua, swali lake la kwanza ni: aliyeandikiwa alisema nini? Katika jambo la Korinto tuna sauti ya upande mmoja tu. Klementi hatuambii hata mara moja vijana wale walilalamikia nini. Labda walikuwa na hoja. Labda kulikuwa na mabati yao. Zaidi ya hayo, fimbo hiyo ina ncha mbili: ni Klementi huyohuyo anayesema wazee waliwekwa kwa kukubaliwa na kanisa lote. Mahali ambapo kiti kinarithiwa ndani ya familia, au ambapo kiongozi anachaguliwa chumbani usiku, mtu asije na Klementi mkononi.

Kwa hiyo kama ningekuwa na barua hiyo moja tu, ningejitetea mbele yenu mpaka leo. Ningesema: wazee wa Korinto walikuwa bila lawama, wa kwetu walikula pesa, hizi kesi mbili hazifanani. Nilisema hivyo kwa muda mrefu. Shida yangu ni kwamba kuna barua nyingine.

Karibu na mwanzo wa karne ya 2, askofu Ignasio wa Antiokia alikamatwa akapelekwa Roma kuuawa. Alisafiri katika minyororo kupitia nchi ambayo leo ni Uturuki, akilindwa na askari kumi, ambao yeye aliwaita chui. Kila walipopumzika, makanisa yalituma watu kumsalimia, naye akaandika. Barua nne aliziandika akiwa Smirna, na tatu akiwa Troa, saba kwa jumla. Ignasio anapendwa sana na kila mtu mwenye kiti, sababu anasema bila kuchoka kwamba pasipo askofu lisifanyike jambo. Wanaomtaja wanasahau kuongeza kwamba aliandika akiwa amefungwa mnyororo, njiani kwenda kuliwa na wanyama, akiwa hana hata franka moja ya kuficha.

Pale Smirna alipokelewa na askofu mwingine, bado kijana kidogo, jina lake Polikarpo. Ignasio alipopita, kanisa la Filipi, kule Makedonia, lilimwandikia Polikarpo likiomba nakala za barua za Ignasio. Angalieni jambo hili, sababu ndivyo barua hizi zilivyookoka: si kwa amri ya mtu mkubwa, ni kanisa moja linaomba fotokopi kwa kanisa jingine. Polikarpo alizituma, na pamoja nazo akatuma barua yake mwenyewe. Ndani yake, katika sura ya 11, anazungumza juu ya mtu anayeitwa Valensi.

Valensi alikuwa mzee wa kanisa huko Filipi. Alianguka, yeye na mke wake. Polikarpo haelezi kila kitu, lakini anasema kwa nguvu juu ya kupenda pesa, na kila msomaji anaelewa kilichotokea. Ni mzee wa kweli, mwenye kosa la kweli, kosa la pesa. Hii ndiyo kesi yetu sasa, sivyo? Nami niliisoma nikitafuta hukumu.

Polikarpo anasema anahuzunika sana juu ya Valensi na mke wake, na anawaombea toba ya kweli. Hafichi kosa, kiti hakimrudishii. Halafu anawaambia Wafilipi nao wawe na kiasi katika jambo hili, wasiwahesabu hao wawili kama maadui, bali wawaite warudi, kama viungo vya mwili vilivyougua na kupotea, ili mwili wote upone. Ni mistari michache tu. Na karibu tungeikosa, sababu maandishi ya Kigiriki ya sehemu hiyo yamepotea; sura ya Valensi imetufikia kwa tafsiri ya Kilatini tu.

Mahali pengine pa barua hiyohiyo Polikarpo anasema wazee wa kanisa wasiwe wepesi wa kuamini neno baya juu ya mtu. Mimi niliamini neno baya juu ya watu wanne kwa kutazama simu.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo moja ambalo kwa watu wa Ulaya ni la vitabuni tu, lakini kwetu ni la kila siku. Zile barua zilichukuliwa kwa mikono. Hakukuwa na posta kwa watu wa kawaida. Posta ya serikali ya Roma ilikuwa kwa mambo ya serikali. Paulo alimsemea Tertio maneno, Tertio akaandika, na katika mwisho wa Warumi anampendekeza Fibi wa Kenkrea, na wataalamu wengi wanadhani ndiye aliyeichukua barua yenyewe. Aliyechukua barua hakuwa bahasha yenye miguu. Alisimama mbele ya watu, barua ikasomwa kwa sauti, sababu wengi hawakujua kusoma, na kama kulikuwa na swali yeye ndiye aliyejibu: alikuwa na maana gani hapa? Ana hasira? Anatupenda bado?

Wazazi wetu kando ya Lomami wanaijua hali hiyo. Kuna miezi ambayo mvua inakata barabara, mtandao unalala, na barua inashuka na mtumbwi mpaka Isangi. Mshirika akihama kutoka kanisa moja kwenda lingine anachukua barua ya kumtambulisha, na karani anaisoma kwenye matangazo, kanisa zima linamtazama. Watu wa zamani walikua na desturi hiyo. Wabaptisti Waingereza walipofika Yakusu, mwishoni mwa karne ya 19, walijifunza Kilokele, wakatafsiri, wakachapa, na baadaye gazeti la Kilokele Mboli ya Tengai lilipitisha habari kati ya vijiji vya walimu na wainjilisti wa mto. Neno liliposafiri, lilikuwa na mtu nyuma yake. Hata chuo chetu cha Kisangani, ambacho makanisa ya Kiprotestanti yalikianzisha mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo, kilitoka katika mikono ya watu wa barua na vitabu.

Sasa soma mwisho wa barua ya Klementi. Roma haikutuma karatasi tu. Ilituma watu watatu, na majina yao yameandikwa: Klaudio Efebo, Valerio Bito, na Fortunato pamoja nao. Barua inasema waliotumwa ni watu waaminifu, wenye kiasi, waliokaa katikati ya kanisa bila lawama tangu ujana mpaka uzee, na kwamba watakuwa mashahidi kati ya pande mbili. Wataalamu wengine, kwa kutazama majina Klaudio na Valerio, wanadhani walikuwa watumwa walioachwa huru wa nyumba ya kaisari. Fikiri wazee hao: njia ya Roma mpaka Korinto, bahari katikati, kwa ajili ya ugomvi wa watu wengine. Na barua inaomba warudishwe upesi, kwa amani, ili Roma nayo ifurahi.

Wao walituma wazee watatu. Sisi tulituma mwenye pikipiki ambaye hakujua amebeba nini, na picha ya Watsapu.

Barua ya Klementi yenyewe karibu ipotee. Kwa karne nyingi watu wa magharibi walijua tu kwamba ilikuwepo. Mwaka 1633 msomi Patrick Young aliichapa Uingereza, kutoka Biblia moja ya Kigiriki ya karne ya 5 ambayo patriaki Cyril Lucaris alikuwa ameitoa kama zawadi kwa mfalme Charles wa Kwanza. Lakini karatasi moja karibu na mwisho ilikuwa imepotea. Watu walisoma barua yenye shimo kwa zaidi ya miaka 240. Mwaka 1873 Mgiriki Philotheos Bryennios alipata huko Konstantinopoli kitabu kilichonakiliwa kwa mkono mwaka 1056, na ndani yake Klementi mzima. Alikichapa mwaka 1875. Kwa kulinganisha, Stanley alipita kwenye maporomoko yetu ya Boyoma mwanzoni mwa 1877. Yaani ile barua nzima ilikuwa mezani kwa Wazungu miaka miwili tu mbele yao wenyewe hawajafika Kisangani. Wanaosema hizi ni mali ya zamani ya Ulaya wakumbuke hesabu hiyo. Na ndani ya karatasi iliyokuwa imepotea kulikuwa na nini? Sala ndefu ya kanisa, inayoomba wenye njaa washibishwe, wafungwa waachiliwe, waliochoka wainuliwe, na hata watawala wapewe afya na amani, watawala walewale ambao juzi tu walikuwa wanawaua.

Nimeacha kwa mwisho kitu kilichonishika zaidi. Karibu na mwaka 170, zaidi ya miaka 70 nyuma ya fujo ile, askofu wa Korinto anaitwa Dionisio. Anaandikia Roma, kwa askofu Soteri, kushukuru kwa msaada uliotumwa. Barua yake imepotea, lakini Eusebio, mwandishi wa historia ya kanisa wa karne ya 4, alihifadhi vipande. Katika kipande kimoja Dionisio anaeleza kwamba siku ya Bwana wamesoma barua ya Roma, na wataendelea kuisoma, kama wanavyosoma ile ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono wa Klementi.

Mmeelewa? Korinto hawakuichana. Ile barua ya aibu, inayosema babu zenu walifanya vibaya, waliiweka, wakainakili, wakaisoma Jumapili mbele ya wajukuu wa waliofukuza na wajukuu wa waliofukuzwa, wakikaa kwenye kanisa moja. Hakuna mwandishi anayetuambia kama vijana wale walitoka, kama wazee walirudi kwenye viti. Lakini watu waliobaki maadui hawasomeani barua ya namna hiyo kwa miaka 70.

Niliandika barua ya pili. Mara hii kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Sikuisukuma kwenye simu. Mimi mwenyewe niliibeba, na nikaomba watu wawili waende nami: mzee mmoja wa kwetu anayekaa Lubunga, na mama mmoja ambaye pande zote mbili zinamheshimu sababu amezalisha nusu ya watoto wa kule. Tulivuka mto asubuhi. Barabara sitaisimulia, mnaijua.

Jioni kabla ya Jumapili tulikaa na wazee wanne uwanjani kwa Papa Shemasi, yule aliyekuwa anatunza pesa. Mzee wetu alisema tumekuja kusikia kwanza. Ikawa kimya kirefu. Kisha Papa Shemasi akasema, bila kunitazama: “Pesa nilichukua mimi. Hawa watatu hawakujua kitu.” Mzee mwenzake alikuwa amefanyiwa operesheni ya haraka, hospitali haikutaka kumwachilia mbele ya malipo, na pesa ya mabati ilikuwa ndani ya nyumba. Alichukua, akiwaza atarudisha akiuza mpunga. Mpunga ule mwaka haukutoa kitu. Tulipouliza, alidanganya. Tulipouliza tena, alidanganya tena.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: watatu bila lawama, kama wa Korinto, na mmoja kama Valensi, na sisi tuliwatia wote ndani ya sentensi moja.

Nilimwomba radhi. Alinijibu kwa Kiswahili cha kwetu, na nayaweka maneno yake namna alivyosema: “Mutoto, wewe unajua kuandika. Lakini barua yako haikukuwa na mutu. Ningemuliza nani?”

Jumapili tulisoma barua ya pili ndani ya darasa, kisha tukatembea dakika kumi tukaisoma tena ndani ya jengo la majani. Sitasema kanisa lilirudi kuwa moja. Nikisema hivyo wa Opala watanicheka kwenye maoni hapa chini. Watatu wamekubali kurudi kwenye komite. Papa Shemasi alikataa mwenyewe kurudi kwenye pesa, anafundisha kwaya. Analipa kidogokidogo. Mabati kumi na nane yamefika, yamelala kwa mama yule mpaka watu waelewane ni paa gani inaezekwa kwanza. Makundi mawili bado yanasali mbalimbali, isipokuwa siku ya matanga na siku ya Krismasi.

Siku ya kurudi Papa Shemasi aliniuliza kama bado ninayo ile barua ya kwanza, yenyewe ya karatasi. Ilikuwa kwa vijana, wakaileta. Nilifikiri anataka kuichana, na nilikuwa tayari kumsaidia. Aliikunja pamoja na ile ya pili, akampa karani aiweke ndani ya sanduku la kanisa, pamoja na daftari la ubatizo. Karani ni mtu wa utaratibu. Alichukua bahasha, akaandika tarehe juu yake, akaniuliza jina langu linaandikwa namna gani, herufi kwa herufi, naye akaliandika.